Hitilafu inayopiga hodi: kulipima gari kubwa kabla ya kulinunua

Mtu anayetafuta gari kubwa la familia hapa Mombasa, lenye safu tatu za viti na injini isiyoelemewa likijaa watu na mizigo, hukutana na swali moja kila anapokwenda: je, gari hili linasumbua? Muuzaji wa yadi hujibu kwamba halisumbui, jirani mwenye gari kama hilo huapa kwamba lake halijawahi kumlaza njiani, na asiyeipenda kampuni fulani huwa tayari na kisa cha binamu yake. Nimekuwa katika utafutaji huu kwa muda, kwa sababu tuko wanane nyumbani tukimhesabu mama, na gari dogo halitutoshi tena kwa safari za Nairobi na Taita. Nilichokuja kuamini ni kwamba swali hilo halina faida kubwa. Gari lolote lenye uzito unaozidi tani mbili, ambalo limekwisha kutembea kilomita laki moja na ushei, lina jambo lake. Linalofaa kuulizwa ni namna linavyoharibika: je, hitilafu yake hupiga hodi siku nyingi kabla ya kuingia, au huvunja mlango Taru, kule nyikani kwenye barabara ya Nairobi, saa nane za usiku?

Orodha za magari ya kuaminika hazijibu swali hilo, ingawa wengi wetu huzitegemea kwa kuwa zina tarakimu. Nyingi hutungwa Marekani. Utafiti wa kampuni ya J.D. Power, kwa mfano, huwauliza wenye magari yaliyotimiza miaka mitatu wataje matatizo waliyoyapata, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Katika hesabu hiyo, simu inayokataa kuungana na redio ya gari ni tatizo moja, na gia inayokwama nayo ni tatizo moja. Kwa Mmarekani anayechukua gari jipya na kuliacha baada ya miaka mitatu, huenda hesabu hiyo ikamfaa. Mimi nitalipata likiwa na miaka mitano au saba na nimekusudia kukaa nalo mpaka watoto wamalize shule, kwa hiyo redio ni jambo la mwisho. Tena orodha hizo zimejaa Chevrolet Tahoe, Ford Expedition na Toyota Sequoia, ambazo usukani wake uko kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la kawaida la namna hiyo kusajiliwa. Mtu anaweza kusoma sifa hizo mpaka usiku wa manane asikutane na gari hata moja litakaloshuka bandari yetu ya Kilindini.

Uchaguzi wetu ni mwembamba zaidi. Gari lililotumika linaloingizwa nchini lazima liwe na usukani kulia na lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kodi zake humfanya mtu akae chini afikiri: ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi lita 3 au ya dizeli inayozidi lita 2.5, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake. Kinachobaki mezani ni Toyota Land Cruiser 200, ambayo mjini huitwa V8 tu, kwa injini yake ya silinda nane. Mdogo wake wa 300. Nissan Patrol ya lita 5.6, na kwa wapendao makuu, Range Rover na Land Rover Discovery. Prado haifikii ukubwa huo, lakini hakuna mazungumzo ya gari kubwa Mombasa yasiyoishia kwenye Prado, kwa hiyo nitaigusa.

Land Cruiser 200 iliundwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2021, na watu husema haiharibiki. Huharibika. Zinazotoka Japani ni za petroli, nazo tangu 2009 zina V8 ya lita 4.6, kwa kuwa dizeli ya lita 4.5 haikuuzwa huko. Za dizeli tulizo nazo ama ziliuzwa mpya humu nchini, ama zilitoka nchi kama Uingereza na Australia. Injini hiyo ya petroli inajulikana kwa kuvuja maji ya rejeta. Pampu ya maji huanza kutoa jasho, rejeta hupata ufa sehemu ya juu ambapo ni plastiki, na wakati mwingine maji hupenya katika kifuniko kilicho kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi, mahali ambapo hata kufika kwake ni kazi ya siku nzima. Ukihesabu kwa mtindo wa Marekani, hayo ni matatizo matatu.

Lakini tazama yanavyokuja. Maji ya rejeta ya Toyota huwa ya rangi ya waridi, na yanapovuja kidogo kidogo juu ya chuma cha moto hukauka yakaacha ukoko uliofifia. Fundi ninayemtegemea, mzee mmoja wa Shimanzi, alinionyesha ukoko huo kwa tochi katika gari la mteja lililoletwa kubadilishwa oili. Ulikuwa pembeni mwa pampu, mwembamba, na niliukwangua kwa ukucha ukatoka unga. Gari lilikuwa likitembea vizuri, hakuna tone sakafuni, hakuna taa iliyowaka. Mwenyewe alikuwa na wiki kadhaa, pengine miezi, za kutafuta pampu nzuri kwa bei anayoiweza. "Hili limeshapiga hodi," mzee akasema huku akizima tochi. "Mwenye nyumba akinyamaza, shauri lake."

Linganisha na V6, injini ya silinda sita, ya dizeli ya lita 3.0 iliyotumika miaka mingi katika Discovery na Range Rover Sport. Ni injini tamu, yenye nguvu na utulivu, na ulaji wake wa mafuta ni wa kiungwana ukilinganisha na V8. Wapo walioiendesha kilomita nyingi bila lawama yoyote. Hata hivyo, ina sifa mbaya iliyoenea miongoni mwa wenye nayo na mafundi wake: beringi kuu zikiondoka mahali pake, krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, hukatika, na mara nyingi hakuna taa wala sauti iliyotangulia mpaka dakika ya mwisho. Jambo hilo haliyapati magari yote, na huenda lisilipate lile utakalonunua. Shida ni kwamba hakuna ukaguzi wa kawaida wa gereji utakaokuonyesha kama litakupata. Ndiyo maana hitilafu moja ya namna hiyo, hata ikiwa adimu, naipa uzito kuliko uvujaji wa aina tatu unaojulikana na kila fundi.

Kwa haki, niongeze kwamba kasoro inayolalamikiwa zaidi katika Range Rover, yaani springi za hewa, hainitishi sana. Mpira wa springi ukianza kupasuka, gari huamka asubuhi limeinama upande mmoja. Hata mtoto huona. Ni gharama, lakini ni gharama inayojitambulisha.

Wala nembo ya Toyota haikingi kila kitu. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliyaita yarudishwe magari yapatayo 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini wakati wa utengenezaji yangeweza kuharibu beringi na kuizima injini gari likiwa mwendoni. Injini hiyo ni V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, na ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyomo katika Land Cruiser 300 ya petroli. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, General Motors nayo iliyaita karibu magari 600,000 yenye V8 ya lita 6.2, zikiwemo Tahoe na Suburban, kwa kasoro za krenki na konrodi, yaani vyuma vinavyoiunganisha krenki na pistoni. Sisemi kwamba Land Cruiser 300 ni gari baya. Nasema tu kwamba ubaya wa 200 umekwisha kujulikana karibu wote, umezoeleka, na mafundi wa hapa wamejifunza kuutafuta, ilhali wa 300 bado unaandikwa. Kwa mtu anayenunua kwa akiba yake mwenyewe, ukongwe huo wa 200 ni faida ambayo haionekani katika tangazo lolote.

Dizeli zina habari yake. Katika Prado za lita 3.0, wosha za shaba zilizo chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini zikichoka hupitisha masizi, nayo huingia kwenye oili yakaenda kuziba chujio lililo chini katika sampu, yaani bakuli la oili, mpaka injini ikakosa oili ya kutosha. Hapa hodi ipo lakini ni ya chini kwa chini: gari hugoma kidogo kuwaka asubuhi, au hupiga kelele kavu likiwa baridi, na ni mwenye sikio tu anayeelewa. Zile za lita 2.8 zilizofuata mwaka 2015 zimekuja na chujio la masizi katika ekzosi, ambalo huhitaji safari ndefu za mwendo mkubwa ili lijichome na kujisafisha. Kule Australia wateja waliifikisha Toyota mahakamani kwa ajili ya chujio hilo katika Hilux, Fortuner na Prado. Sasa fikiria gari hilo likiwa la mtu anayetoka Nyali hadi Bondeni na kurudi, kila siku, mwaka mzima. Anayeendesha Malindi kila wiki hatakuwa na neno nalo. Wa mjini atajuta. Gari ni lilelile, na kuaminika kwake kumebadilika kwa sababu ya njia linayopitishwa.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo orodha za ng'ambo haziwezi kulijua, nalo ni Mombasa yenyewe. Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 32, kiyoyozi hakizimwi, na gari husimama katika foleni ya feri ya Likoni injini ikinguruma pasi na upepo wa kuipoza rejeta. Kisha gari hilohilo huondoka siku ya safari likapanda Mazeras na Mariakani kuelekea Nairobi, kilomita 480 hivi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,700. Juu ya hayo, wako wanaoongeza maji ya kisima kwenye rejeta, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Baada ya miaka michache njia za ndani ya rejeta hujaa magamba, na hakuna anayejua mpaka siku ya mlima.

Nililishuhudia hilo tulipolipima gari moja lililokwisha kutumika humu mjini, zuri kwa nje, limeng'arishwa, na mwenyewe yuko nasi kiti cha nyuma. Fundi alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, kile kinachosoma kompyuta ya gari na kupeleka tarakimu kwenye simu, akanipa simu niishike. Tulipoanza kupanda Mazeras kiyoyozi kikiwa wazi, sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imetulia katikati. Kwenye simu ilikuwa 91. Ikawa 94, ikawa 98, na tulipokwama nyuma ya lori la makontena lililokuwa likijikokota, ikafika 103. Sindano haikutikisika. Katika Toyota nyingi imetengenezwa hivyo makusudi: hukaa palepale katikati joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asishtuke bure, na inapoanza kupanda kweli muda wa kuokoa gasketi ya injini huwa mfupi. Nyuzi 103 hazimaanishi kwamba maji yamechemka, kwa kuwa mfumo una presha, lakini joto la gari lisilo na kasoro la aina hiyo halifai kupanda namna hiyo likiwa na watu watatu tu. Mwenye gari hakuwa mwongo aliposema halijawahi kuchemsha. Sindano yake ilikuwa ikimwambia hivyo kila siku.

Tangu hapo naamini kwamba kifaa hicho, ambacho bei yake haifiki hata ya tairi moja, kina thamani kuliko maneno ya wauzaji wote wa mji huu. Hutoa hodi ambazo gari lenyewe limezuiwa kuzitoa.

Kutu ni suala jingine ambalo sisi wa pwani hudhani tunalijua kwa sababu tunaishi nalo. Tunakagua milango na boneti, ilhali gari kubwa la fremu hufia chini. Magari yaliyotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, au Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, huweza kufika hapa na rangi inayong'aa huku fremu imeanza kubanduka magamba, na hewa yetu humalizia kazi iliyoanzwa huko. Mzee wa Shimanzi hugonga fremu kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma, karibu na tairi la akiba, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti butu. Ukiona chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi siku chache kabla ya wewe kuitwa kulitazama gari, uliza kwa nini, na usiridhike haraka. Nimeliacha gari moja kwa sababu hiyo tu, na sijui kama nilikuwa sahihi, ila sikutaka kubeba mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu karatasi sitakaa sana. Gari la Japani hukaguliwa kisheria likitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilomita zake huandikwa katika cheti. Hati ya kulitoa nchini pia huzionyesha, kwa hiyo mita iliyorudishwa nyuma hugundulika kwa anayeomba hati hizo badala ya kutazama dashibodi. Karatasi ya mnada, ile ya wakaguzi wa minada ya magari ya huko Japani, yenye alama ya wastani ya 3.5 na orodha ndefu ya mikwaruzo hunipa amani kuliko gari lisilo na karatasi yoyote. Herufi R huonyesha kwamba lilipata ajali likatengenezwa. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini huangalia kama linafaa barabarani, haukuahidi kwamba giaboksi itadumu. Kwa lililotumika hapa nchini, utafutaji katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utakuambia ni la nani na kama lina deni, lakini daftari la gereji, lenye tarehe za oili na muhuri wa fundi mmoja kwa miaka mingi, ndilo linalokuambia kama hodi zilikuwa zikijibiwa.

Ninapokwenda kulitazama gari, sharti langu la kwanza ni kwamba nilikute baridi. Huweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Likiwa na joto, kuna mtu ameliwasha kabla yangu, na sauti za kwanza, zile ambazo cheni ya taimingi na nozeli hutoa kabla oili haijafika juu, zimekwisha kupita. Muuzaji mmoja aliniambia, "Bwana, niliwasha nikaosha tu." Huenda ni kweli. Nilimwomba nirudi kesho yake asubuhi, akasema kuna mteja mwingine, nikamwachia mteja huyo. Likiwa baridi kweli, nafungua kifuniko cha rejeta kutazama rangi, navuta kijiti cha oili na kunusa, kisha fundi huwasha na mimi nasimama nyuma kwenye ekzosi. Giaboksi ya Land Cruiser 200 haina kijiti cha kupimia mafuta yake, kwa hiyo wengi hawayabadilishi kabisa. Hapo hatuna budi kulipandisha gari juu na kutoa kidogo. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, bei hushuka au mazungumzo huisha.

Lipo pia suala la vipuri, ambalo kwa maoni yangu ni nusu ya kuaminika kwenyewe. Hitilafu inayopiga hodi haina msaada ikiwa kipuri chake lazima kiagizwe Dubai na gari likae juu ya mawe wiki tatu. Kwa hiyo, kabla ya kwenda yadi nilizunguka kwanza maduka ya vipuri nikiulizia pampu ya maji, rejeta na shokamzoba za kila gari nililokuwa nikilifikiria, kama mtu ambaye analo tayari. Kwa Land Cruiser niliulizwa nataka ya kampuni, ya daraja la pili au iliyotumika. Kwa Patrol ya 5.6 nilitajiwa vipuri vichache na kuombwa namba ya simu kwa vilivyobaki. Nasikitika, maana Patrol ni gari ninaloliheshimu na V8 yake ina nguvu ambazo Land Cruiser ya 4.6 haizifikii.

Kwa sasa ninalolitazama ni Land Cruiser 200 ya petroli, rangi ya fedha, alama yake ya mnada 4, kilomita zake zinalingana na cheti. Ina ukoko kidogo wa waridi pembeni mwa pampu, na nimemwambia muuzaji kwamba hilo halinikimbizi, ila gharama ya pampu itatoka katika bei yake. Fremu yake inalia vizuri. Kilichobaki ni kulipandisha Mazeras saa saba za mchana likiwa na watu saba ndani na kile kifaa chini ya usukani. Muuzaji alisita, kisha amekubali, kwa sharti kwamba petroli ya safari hiyo ni yangu.